Dada Nduku, Mbao Zilikuwa Zimekauka

Mpendwa dada yangu Nduku,

Salamu kutoka Ikutha. Huku mvua imenyesha vizuri, kunde na pojo zimeshika, na yule mbuzi wako mwenye pembe moja uliyeniachia bado ananidharau. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe unajua mwandiko wangu, herufi zinasimama kama nguzo za ua lililogongwa na ng'ombe. Nilipoachia shule darasa la sita ni wewe uliendelea kunifundisha pale jikoni, ukiniambia niandike polepole, karatasi haikimbii. Leo naandika polepole.

Barua hii sikuandikii wewe peke yako. Jumamosi tunakusanyika kwako Kathonzweni, mwaka umeisha tangu tukuzike, na nitaisoma mbele ya watu. Nimetaka hivyo kwa sababu ile kitu nilisema siku ya kukuzika, niliisema kwa sauti kubwa. Siwezi kuirekebisha kwa kunong'ona.

Lakini wacha nianze pale tulipoanza, ndio nipate nguvu.

Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kukalia kitu nilichotengeneza. Unakumbuka? Nilikuwa nimepanga kiti cha miguu minne, cha kimo cha kawaida. Mguu mmoja ukatoka mfupi. Nikapunguza wa pili uufikie, nikapunguza wa tatu, nikarudi kwa wa kwanza, mwishowe kiti kikawa karibu sinia. Nilitaka kukitupa jikoni kiwe kuni. Ukakichukua, ukakaa, magoti yako yakafika masikioni, ukavuta kyondo chako, kile kikapu cha mkonge, ukaendelea kusuka kama mtu aliyekaa kwa kochi.

"Hiki kinanifaa," ukasema. "Nikianguka, si mbali."

Tangu siku hiyo sikulala tena, yaani moyo haukulala. Mimi ni mtu wa mbuzi na shamba, sikusomea useremala popote, lakini jioni baada ya kazi, na Jumapili baada ya kanisa, utanikuta na msumeno. Na niseme ukweli, Kitui hii yote ya kusini hakuna mtu amewahi kupiga randa kama mimi. Nilitengeneza kitanda cha mtu wa Zombe, nyumba yake ikaangushwa na upepo, kuta zikalala chini zote nne, na kitanda changu kikabaki kimesimama kimebeba paa, mwenyewe akiwa uvunguni anakunywa chai. Na ile stuli niliyoacha nje wakati ndovu walitoka mbugani! Ndovu akakanyaga ua, akakanyaga jiko, akakanyaga tangi la maji. Akafika kwa stuli yangu, akainua mguu, akafikiria, akapita kando.

Kila nikiisimulia hiyo ulikuwa unaniuliza swali moja tu, bila kuinua macho kwa kyondo: "Na alikuaga?"

Halafu unamalizia, "Wewe fundi wa mdomo." Hakuna mtu mwingine niliyemruhusu kuniita hivyo. Wewe ulikuwa unalitaja kama jina la ubatizo.

Na ni wewe ulinifundisha kupima kwa uzi. Tepu ilikuwa inanisumbua, ina namba upande huu na namba zingine upande ule, na siku moja nilisoma urefu upande mmoja na upana upande mwingine, nikakata kitanda cha mtu mwenye urefu wa mbuzi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukatoa nyuzi za mkonge kwa kyondo, ukazisokota kwa paja lako, ukafunga fundo huku na fundo kule. "Katikati ya mafundo ndio kitanda," ukaniambia. "Huu hauna namba, hautakuchanganya." Mpaka leo niko na mkebe umejaa nyuzi zako. Upo uzi wa mlango wako wa jikoni. Upo uzi wa kitanda cha binti yako Mwende alipokuwa mdogo. Nikizitoa moja moja naweza kukutajia kila kitu kilipo na nani anakilalia.

Sasa nifike kwa ile meza. Najua uliitunza aibu yangu, hukuitaja mbele ya watu mpaka ukaondoka. Wacha niitaje mimi.

Wakwe wa Mwende walikuwa wanaleta mbuzi za ntheo, zile za kwanza kabisa, za kusema binti huyu ameshikwa. Baba yake Mwende alikuwa ametangulia miaka mingi, kwa hivyo upande wa wanaume nilitakiwa kusimama mimi mjomba. Na mimi kusimama tu hakukunitosha. Nikatangaza kanisani kwamba nitatengeneza meza ya watu kumi na wawili, mbao za mti wa mukau tupu, na wakwe watakula hapo mpaka wasahau walikuja na mbuzi.

Ulikuwa umepanda miti mitatu ya mukau nyuma ya ghala wiki ile Mwende alizaliwa. Ukanipa mmoja. Ulikuja ukaupapasa, ukaniambia, "Chukua huu wa katikati. Lakini Fundi, mti uko na maji. Mvua imeisha juzi."

Nikakujibu, "Mukau ni mukau. Mchwa mwenyewe anauogopa, sembuse maji."

Nilijua, dada. Hapo ndipo nataka watu wanisikie. Hata mtoto wa chekechea huku kwetu anajua ubao mbichi haufanyiwi kazi, unaukausha kwanza msimu baada ya msimu. Lakini nilikuwa nimeshataja siku kanisani. Nikaleta watu wa msumeno wa injini, wakaupasua, na wiki mbili baadaye meza ilikuwa imesimama kwa boma lako, inang'aa, watu wanapita kuisalimia.

Ikakaa vizuri siku tatu. Siku ya tano ikaanza kuinuka katikati kama ng'ombe anayetaka kuamka. Nikaiwekea magunia mawili ya mahindi juu ili ilale. Siku ya wakwe nikatoa magunia, ukatandika kitambaa chako cheupe, na mimi nikakaa kwa kichwa cha meza nimevaa koti. Mzee wa wakwe akaanza kuomba. Aliomba sana yule mzee, alizunguka nchi yote. Alipofika kwa baraka za chakula, meza ikapasuka katikati, mlio kama bunduki, na sufuria ya muthokoi, ule wa mahindi na kunde, ikateleza taratibu, taratibu, mbele ya macho yetu sote, ikamwagika yote mapajani mwake.

Nilisikia mbuzi wa ntheo wakitafuna huko nje.

Ukasimama wewe. "Wageni wetu," ukasema, "meza imepiga magoti kabla yetu. Mzee, malizia maombi."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka, na wote wakacheka, na tukala kwa mikeka kama ndugu. Ndoa haikuvunjika. Mimi nikasema ni viwiko vya wakwe vilikuwa vizito, na kuna watu mpaka leo wanaamini.

Lakini jioni tukiosha sufuria ulinishika kiganja. Hukuwa unacheka tena. Ukaniambia, "Hizo mbao zingine nane upeleke Ikutha, uziweke juu ya kenchi za paa la jiko lako, moshi uwe unazipitia. Usiziguse mpaka nikwambie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Kwani wewe unasikia mara ngapi?"

Zikakaa huko juu miaka minne. Sikuzigusa. Hiyo ahadi niliishika, na ninaomba iandikwe mahali.

Halafu ukaugua. Nilipokuja kukuona ulikuwa nje ya jikoni, kwa jua la asubuhi, umekalia kile kiti changu cha sinia. Mikono ilikuwa imekonda lakini vidole vilikuwa bado vinasuka. Tukaongea habari ya mbuzi. Tukaongea habari ya mama yetu, vile alikuwa anatuita wote wawili kwa jina moja akikasirika. Kisha ukasokota uzi, mrefu, ukatandika mkeka, ukajilaza juu yake, ukanyoosha miguu.

"Shika huo upande wa miguu," ukaniambia.

Nikashika. Wewe ukavuta upande wa kichwa, ukafunga fundo ukiwa umelala, ukaniambia nifunge langu. Nikafunga. Likafunguka, nikafunga tena.

"Sasa nakwambia," ukasema.

Nikajifanya mjinga. "Ni kipimo cha kitanda?"

"Ni cha kulala kabisa. Mbao zimekauka, nitengenezee wewe. Na usinipakie vanishi, ile harufu inaniumiza kichwa. Na siku hiyo usiwaambie watu habari ya ndovu."

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti zaidi ili nisifanye ile kitu nyingine.

Nilifika Ikutha, nikapanda juu ya kenchi, nikagonga ubao wa kwanza kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele. Nikagonga wote nane. Dada, zilikuwa zimekauka. Zilikuwa zimekauka kuliko mbao yoyote nimewahi kushika. Nikashusha mmoja nikaupiga randa, na maranda yakatoka membamba kama ganda la kitunguu, na ile rangi ya mukau ikafunguka, nyekundu ya udongo wetu baada ya mvua. Uzi wako ulikuwa mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne.

Nikawaona wanaume sita wameinua sanduku. Niliwaona hivi kwa macho yangu mchana mweupe, nikiwa nimeshika randa. Wamekubeba, watu wanaimba, na mimi niko mbele nimevaa koti. Na nikasikia ule mlio wa meza.

Nikaurudisha ubao juu ya kenchi. Nikashuka, nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku iliyofuata nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Mimi ambaye nimesimulia watu hadithi za ndovu sijui mara ngapi, niliogopa mbao nane zilizolala. Sikumwambia mtu. Kila mtu aliyeniuliza habari yako nilimwambia unaendelea vizuri, na nilijua hilo nalo si kweli.

Halafu Mwende akapiga simu. "Anko, mama ametuacha." Tukalia kwa simu, yeye huko na mimi huku. Aliponyamaza akaniambia, "Alinieleza mbao ziko kwako. Zimekauka?"

Nikamjibu, "Bado, mama. Ziko na maji."

Watu wote hapa wanajua kwa nini namwita mama. Ulimpa jina la mama yetu, na tangu akiwa wa kubebwa mgongoni nimemwita hivyo, mwaitu, naye ameitika. Kwa hivyo siku hiyo kwa mdomo mmoja nilimdanganya mpwa wangu na nikamdanganya mama yangu, na wewe ukiwa umelala bado hujazikwa.

Wakanunua sanduku la dukani. Halikuwa baya. Lilikuwa na vishikio vinavyong'aa. Lakini mbao zilikuwa nyeupe, laini, ukucha unaingia, na vanishi ilikuwa bado mbichi. Lilipopita mbele yangu harufu ilinifika puani, nikageuza uso, watu wakadhani nalia. Nilikuwa nalia pia. Halafu wakanipa nafasi niseme neno kama mdogo wako, na mimi nikashika maiki nikasema kwa sauti yote: "Kama mbao za dada yangu zingekuwa zimekauka, leo mngeona sanduku ambalo nchi hii haijawahi kuona." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja akanishika bega, akaniambia pole, ni Mungu hupanga. Uzi wako ulikuwa mfukoni mwa suruali yangu, nimeushika tu, fundo kwa fundo.

Niwaombe radhi ninyi mnaosikiliza. Mlinipa pole isiyokuwa yangu.

Mimi najua mchwa wa Kathonzweni. Wewe pia unawajua. Walikula mlango wa ghala lako ukiwa umeenda sokoni mara moja tu. Na najua mukau hawaugusi, ndiyo sababu watu wetu wanaupanda. Nitanyamaza hapo, Mwende anasikiliza. Lakini ninyi ambao mna mtu na mbao zake ndani ya ardhi hii mnaelewa ni kitu gani kimekuwa kikikaa na mimi kila nikiinama kupalilia.

Mvua ya msimu uliopita ilipoisha nilikuja kufagia kaburi lako. Msalaba wako ulikuwa umesimama vizuri, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Niliona umeinama kidogo tu upande wa ghala, nikaushika niunyooshe. Ukabaki mkononi. Ulikuwa mwepesi kama mkate. Ndani ilikuwa udongo mtupu, mchwa walikuwa wamemaliza wakaenda, ilibaki rangi peke yake inashikilia jina lako.

Nilikaa chini pale kwa udongo. Siku hiyo sina hadithi yake.

Niliporudi Ikutha nilishusha mbao zote nane. Nikachukua uzi wako nikaulaza juu yao. Nimekutengenezea benchi, dada. Sanduku nilikosa kulitengeneza siku yake, na siku yake haitarudi. Lakini urefu wa benchi ni wako, fundo kwa fundo, sikuongeza na sikupunguza. Sikutumia msumari hata mmoja. Nilitoboa, nikachonga vijiti vya mukau huo huo, nikavigongea polepole. Mguu mmoja nilikosea nikautupa. Wa pili nikaukosea nikautupa. Ilinichukua miezi miwili kazi ambayo ningekwambia ni ya wiki moja. Miguu ni minne, na yote inafika chini. Ubao wa nane nimetoa msalaba, na jina nimelichonga kwa patasi, si kwa rangi. Herufi tano, siku tatu. Zimesimama wima.

Wiki iliyopita niliileta benchi kwa pikapu. Wanaume sita waliokubeba ndio nilioita waje kunisaidia kuishusha, na walikuja wote.

"Hii ni mbao ama ni jiwe?" mmoja akauliza.

"Kaeni," nikawaambia.

"Fundi, tumechoka na mambo ya kujaribiwa. Hii haitatutupa ndani ya muthokoi?"

"Kaeni wote sita. Mara moja. Kwa uzito."

Wakakaa. Nikasimama hapo nikisubiri ule mlio. Yule mbuzi mwenye pembe moja nilikuwa nimemleta pia, akapiga chafya nyuma yangu, nikaruka. Wakanicheka sana. Benchi haikusema kitu. Wakaendelea kukaa, wakaanza hadithi zao, wakasahau niko hapo.

Walipoenda, Mwende akaleta chai. Akakaa. Akapitisha kiganja kwa mbao kama wewe ulivyokuwa ukipapasa mti.

"Anko," akasema, "hizi ni zile?"

"Ndizo, mama."

"Zilikuwa zimekauka ile siku?"

Nilikuwa na jibu, dada. Wewe unanijua, nilikuwa na majibu matatu tayari, moja lilikuwa na moshi na lingine lilikuwa na ukungu wa mto Athi. Nikayaangalia yote matatu.

"Zilikuwa zimekauka," nikamwambia. "Niliogopa."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Aliangalia chai yake mpaka ikatengeneza utando juu. Nilitamani atukane, atupe kikombe, chochote. Mwishowe akaniuliza, "Jumamosi utawaambia?"

"Nitaandika nisome."

"Basi soma yote. Usiruke mahali." Akasimama akachukua vikombe, akaenda mpaka mlangoni, akageuka. Na uso wake ulikuwa uso wako. "Na ndovu, Anko, mwache."

Ndovu nimemweka mwanzoni, Mwende atanisamehe hilo.

Kwa hivyo, dada Nduku, nimefika mwisho wa kile nilichotaka kusema. Sikuombi uniite Fundi tena. Lile jina lingine, la mdomo, ndilo langu, na leo nimelitumia vizuri kidogo. Miti yako miwili bado iko nyuma ya ghala, imenenepa. Mwende amesema haikatwi mpaka yeye aseme, na mimi siku hizi nasikia mara moja.

Benchi nimeiweka kando yako, kichwa kwa kichwa, miguu kwa miguu. Uzi nimeufunga chini yake, mafundo yote mawili. Nikimaliza kusoma nitakaa pale mwisho, upande wa miguu, pale uliponiambia nishike.

Lala, dada yangu. Sijapaka vanishi.

Mdogo wako,
fundi wa mdomo,
Ikutha